Kompyuta zinazolala na mvua ya Tukuyu

Tukuyu inaweza kushinda kwenye mvua, wewe uko Igurusi unakula vumbi. Mtu wa Mbeya haelezwi hilo. Lakini mifumo mingi ya utabiri wa dunia nzima huigawa nchi katika vipande vya kilomita kumi na zaidi, na wingu la radi linapita humo bila kuonekana.

Kwa hiyo nilipoukuta mradi wa mvua za Afrika, ulioanza 2019, nikaufunga kwenye kompyuta za maabara ninayoisimamia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, walitaka kuigiza mvua ya kusini mwa Sahara kwa kipimo cha kilomita moja. Wakaikatakata hesabu hiyo na kuigawa kupitia World Community Grid, gridi, yaani mtandao wa kompyuta za watu wanaojitolea, iliyoanzishwa na kampuni ya IBM mwaka 2004. Kila mwenye kompyuta anamegewa mraba wa kilomita 52 kwa 52, na saa 48 za hali ya hewa. Programu ya BOINC, iliyotoka Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, inapiga hesabu prosesa, ubongo wa kompyuta, ikiwa haina kazi, kisha inarudisha jibu. Miradi mingi hupeleka kipande kilekile kwa kompyuta mbili, maana huko hakuna anayejua RAM yangu, kumbukumbu ya kompyuta, ina afya gani. Majibu yakipishana, inaitwa ya tatu.

Si kila hesabu inakatika hivyo. Kazi ambayo vipande vyake vinaulizana kila sekunde haifai kupita kwenye intaneti yetu. Hapa miraba haiulizani, ila muda ni mnyororo: saa 48 zinazofuata za mraba huohuo haziwezi kuanza mpaka zilizotangulia zirudi. Ukikaa na kipande wiki nzima, umemfungia njia mwenzako usiyemjua.

Na umeme wetu mnaujua. Jioni moja kazi ilikuwa asilimia 86, umeme ukakatika, na betri ya UPS, kifaa cha kushikilia umeme ukikatika, ilishakufa zamani. Uliporudi, kazi ikaanzia 75. Programu huhifadhi hatua kwa vituo. Ulichofanya baada ya kituo cha mwisho kimekwenda na maji. Tangu siku hiyo siziwashi zote kumi na nne. Sita tu, zile zenye UPS nzima.

Wanaosema gridi ni nguvu ya bure hawanunui LUKU. Kompyuta iliyotulia nilipoipima ilikula wati 40. Ikipiga hesabu, 95. Mhasibu akaja na risiti mkononi.

“Kaka, hizi mashine usiku zinafanya nini?”

“Zinahesabu mvua.”

“Ya msimu ujao?”

“Hapana, iliyokwisha kunyesha.”

Nikamweleza kwamba lazima waigize mvua ya nyuma kwanza, wailinganishe na vipimo vya vituo vya hali ya hewa, wajue kama mfumo unasema kweli. Akaitazama risiti, akanitazama mimi.

“Basi sita,” akasema. “Ya saba usiiguse.”