Kurejea si Kurejeshwa: Kitenzi Kinachokosewa katika Habari za Kozi

Nimesoma kwa mara nyingine kwamba kozi, ndege mwindaji aitwaye kitaalamu Falco peregrinus, "alitoweka duniani kisha akarejeshwa porini". Hakutoweka duniani, hata katika miaka yake mibaya zaidi aliendelea kutaga Alaska, Scotland na Australia. Kosa hilo nalisamehe. Linalonisumbua ni lile la kitenzi.

Kurejea kwa spishi ni hali ambapo idadi iliyoporomoka hupanda tena porini kwa kuzaana kwa wanyama wenyewe, hadi ikaweza kudumu bila kuongezewa. Fasili yenyewe haina utata.

Utata huanzia kwenye viambishi. Rejea ni neno lililotoka katika Kiarabu, raja'a, yaani kurudi. Likitiwa kauli ya kutendesha huwa rejesha, na likiongezewa kauli ya kutendwa huwa rejeshwa. Anayerejea amekuja mwenyewe, ilhali anayerejeshwa yuko aliyemleta. Tofauti hiyo tumepewa bure na sarufi, nasi tunaitupa, jambo la kusikitisha kwa kuwa katika historia ya ndege huyu ndiyo inayotenganisha visa viwili.

Chanzo cha visa vyote viwili ni sumu za kuulia wadudu zilizoenea baada ya Vita Kuu ya Pili. DDT, mojawapo ya sumu hizo, ilipanda kutoka kwa wadudu hadi kwa ndege wadogo, na kutoka kwao hadi kwa kozi anayewala, ambaye mwilini mwake mabaki ya sumu hiyo yalizuia kalsiamu kufika vya kutosha kwenye ganda la yai, hata mama akawa anayavunja mayai yake kwa kuyaatamia. Mtafiti wa ndege Derek Ratcliffe alionyesha wembamba huo wa maganda nchini Uingereza mwaka 1967. Huko, dieldrini, sumu nyingine ya wadudu iliyopakwa kwenye mbegu, iliua pia ndege wazima. Matumizi ya sumu hizo yalipobanwa, kozi waliosalia, wengi wao katika milima ya Scotland, walizaana na kuenea upya wenyewe. Hao walirejea.

Mashariki mwa Marekani mambo yalikuwa mengine. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 hapakuwa na jozi hata moja iliyozaa, kwa hiyo kupigwa marufuku kwa DDT mwaka 1972 peke yake kusingeleta ndege, kwani hapakuwa na wa kuzaa. Tom Cade na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walizalisha kozi vizimbani, wakawaweka makinda katika masanduku juu ya majabali na minara, wakawalisha bila kuonekana hadi walipojifunza kuruka na kuwinda. Hao walirejeshwa. Tena, kwa anayependa kuchambua zaidi, wazazi wa baadhi yao walitoka Ulaya na hata Australia, kwa hiyo walioletwa hawakuwa hasa wale wale waliopotea.

Mwaka 1999 kozi huyu aliondolewa katika orodha ya Marekani ya spishi zilizo hatarini, na ni hapo waandishi wengi huhitimisha kwa kusema "alirejeshwa" kwa nchi nzima. Ningewaomba waliweke neno hilo kwa ndege wa masandukuni. Makinda walioanguliwa baadaye kwenye madaraja na maghorofa, na wazazi wao wakawalea, hawakuletwa na mtu.