Frontendi ya kompaila si vitufe

Hapa Arusha, mtaje frontendi mbele ya vijana wa programu, mawazo yote yanakwenda kwenye vitufe na rangi za ukurasa. Kwenye wasilisho moja huku Njiro niliambiwa frontendi ya kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya prosesa, imekamilika, kumbe ni dirisha la kuandikia msimbo.

Frontendi ya kompaila ni sehemu inayosoma msimbo, kuukagua na kuutoa katika umbo la kati, kabla ya kazi ya kuzalisha maagizo ya prosesa. Ndiyo maana Clang (kompaila ya C) na kompaila za lugha za Swift na Rust, kila moja ikiwa na frontendi yake, zote hutumia LLVM kuzalisha maagizo hayo, mradi ulioanza mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Illinois. Anayebuni lugha ndogo hana haja ya kuijua chipu.

Hilo la vitufe nalisamehe. Linaloniudhi ni la wale waliokwisha kusoma kidogo: wakishachora mti wa msimbo, wanatangaza frontendi imeisha.

Hatua ya kwanza ya frontendi hukata herufi kuwa tokeni, yaani vipande kama maneno, namba na alama. Ya pili huzipanga kuwa mti, uchanganuzi uleule wa matawi tuliochora sekondari, KN huku na KT kule. Sasa changanua "Meza imekula mgeni." Matawi yanakaa sawasawa, mwalimu anaweka tiki, na bado hakuna meza iliyokula mtu. Uchanganuzi hauulizi maana.

Hatua ya tatu ndiyo inayouliza: jina hili limetangazwa? Aina hizi mbili za data zinajumlishika? Chukua 3 + "ndizi". Java inakupa "3ndizi". C inaruka herufi tatu za mwanzo na kukuachia "zi", bila aibu yoyote. Rust inakataa katakata. Mti ni ule ule kwa zote tatu. Kilichotofautiana ni uamuzi wa mbunifu. Na ndiyo maana kuweka "kama" na "andika" mahali pa maneno ya Kiingereza, mradi ninaoukuta kila mwaka, hakujaleta lugha mpya. Kumegusa tokeni tu.

Kwa hiyo, mdogo wangu, mti ukishasimama sema umemaliza uchanganuzi, na hiyo si kazi ndogo. Halafu tuambie kwenye lugha yako 3 na "ndizi" zikikutana inakuwaje.