Je, wajua kwa nini nyumba ya Dar es Salaam hukaguliwa masika?

Ukitafuta nyumba ya kununua pembezoni mwa Dar es Salaam, tuseme Goba, Madale, Kinyerezi au Kibamba, dalali atakupangia Jumamosi ya kiangazi saa nne asubuhi. Atakupitisha njia ya moramu iliyochongwa na greda wiki iliyopita, atakuonyesha miembe na upepo, kisha atakwambia, "Bosi, hapa unasahau kama uko Dar." Wala hadanganyi. Sasa mwombe mrudi pale katikati ya Aprili, siku ambayo mvua imenyesha tangu alfajiri. Utamwona anainamia simu yake.

Wenyeji wa mjini, hasa waliokwisha kuuza nyumba moja kwa hasara, hawanunui mpaka wapaone mahali masika. Ukiuliza kwa nini, jibu la haraka ni mafuriko, na hilo kila mtu analijua. Ila jibu hilo halitoshi, kwa sababu nyumba nyingi zinazoingia maji leo zilikaa kavu miaka kumi ya kwanza. Waliozijenga hawakuwa wajinga. Kiwanja kilikuwa kizuri walipokinunua, kikaharibika wao wakiwa wamekaa juu yake.

Mji huu umekaa kwenye ardhi ya chini ya pwani, na upande wa magharibi ardhi inapanda kuelekea vilima vya Pugu. Maji ya huko yote yanatafuta bahari. Yanapita Msimbazi katikati ya mji, Mzinga na Kizinga upande wa kusini, na Mbezi, Tegeta na Mpiji upande wa kaskazini, pamoja na makorongo madogo yasiyohesabika ambayo hayana hata jina. Kiangazi baadhi ya mikondo hiyo ni mchanga mtupu. Watoto wanachezea mpira humo. Mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei, Aprili ikiwa ndiyo yenye maji mengi zaidi.

Zamani sehemu kubwa ya vilima hivyo ilikuwa mashamba na vichaka: minazi, mikorosho, mihogo. Mvua ikinyesha, udongo unakunywa. Sasa weka nyumba. Paa la mita za mraba 150, ambalo ni la nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu na kibaraza, likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa siku moja linamwaga lita 7,500. Hizo ni simtanki moja na nusu za lita 5,000. Nyumba 100 za mtaa huohuo zinamwaga lita 750,000, yaani maboza 75 ya lita 10,000, na hapo hujahesabu nyua zilizosakafiwa kwa saruji wala barabara iliyoshindiliwa. Maji hayo hayana tena udongo wa kuyanywa. Yanateremka yote kwa mkupuo, yanakutana na kalavati lililowekwa wakati mtaa una nyumba kumi, na kalavati lenyewe limejaa chupa za plastiki.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoani Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ongezeko la milioni moja na zaidi limelala wapi? Wengi wao ni hukohuko pembezoni, juu ya vilima. Kwa hiyo anayenunua nyumba ya bondeni leo hanunui maji ya paa lake tu. Ananunua na ya majirani wa juu ambao bado hawajajenga. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza upande wa juu wa kiwanja kabla ya kukiangalia chenyewe. Kama juu kuna shamba kubwa lililokwisha kupigwa bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, najua kinachokuja.

Niliwahi kufuatana na shangazi yangu kuangalia nyumba ya namna hiyo. Nyumba nzuri, bati la rangi ya damu ya mzee, geti jipya, bei ya kuridhisha mno. Dalali akiwa anaongea na simu, shangazi akavuka barabara mpaka kwenye genge, akachagua nyanya za elfu moja bila haraka.

"Hapa mvua ikinyesha mnapitaje, mdogo wangu?"

Yule mama wa genge akacheka. "Dada, pale kwenye mti unapaona? Pale tunavushwa. Vijana wanakaa pale na suruali wamekunja, mgongoni shilingi mia tano. Ukiwa na mtoto, mia saba."

Shangazi akalipa nyanya zake, tukaondoka. Nyanya za elfu moja zilitupa habari ambayo dalali asingetupa hata kwa laki.

Ukishindwa kusubiri Aprili, masika huacha alama zake na kiangazi zinasomeka. Tazama kizingiti cha mlango: nyumba iliyo kwenye tambarare lakini kizingiti chake kimeinuliwa tofali mbili, hilo si pambo. Tazama kuta za fensi za mtaa mzima, siyo ya nyumba inayouzwa peke yake, maana hiyo imepakwa rangi kwa ajili yako. Ya jirani bado ina mstari wa tope uliokauka. Plasta mpya inayoishia usawa wa goti, matairi yaliyopangwa kama ngazi, viroba vya mchanga vilivyotupwa nyuma ya choo, soketi za umeme zilizopandishwa mpaka kifuani, vyote vinasema neno moja. Angalia na mimea. Magimbi, matete na mafunjo hayaoti pakavu. Ukiona bustani ya magimbi imestawi Septemba bila mtu kumwagilia, maji hayako mbali na unyayo wako.

Majina ya mitaa nayo husaidia, ingawa yanataka akili. Pale Msasani, hatua chache kutoka kwenye majumba ya kifahari, kuna mtaa unaitwa Bonde la Mpunga. Jina lilishasema kila kitu: mpunga hulimwa penye maji, na maji hayakuhama mpunga ulipohama. Jangwani, kwa upande mwingine, jina linakupeleka upande usio, kwa sababu ni bonde la Msimbazi lenyewe. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na waliopoteza nyumba zao mabondeni serikali ikawagawia viwanja Mabwepande, kaskazini ya mji. Mara nyingi mvua kubwa ikinyesha barabara ya Jangwani imekuwa ikifungwa, na magari ya kwenda Kariakoo yakizunguka.

Kuna na jambo ambalo watu huona aibu kulitaja mbele ya muuzaji, nalo ni choo. Sehemu kubwa ya mitaa ya pembezoni haina bomba la majitaka. Kila nyumba ina shimo lake. Mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, masika shimo hujaa maji kutoka chini, choo kinakataa kushuka, na gari la kunyonya haliwezi kufika kwa sababu ya tope. Hapo wapo majirani wanaosubiri mvua ya usiku ili watapishe vyoo vyao, na kinachotapishwa kinateremka kwenye mtaro unaopita mbele ya geti la mtu mwingine. Nenda asubuhi baada ya mvua, utajua kwa pua. Kama nyumba inategemea kisima, uliza kiko hatua ngapi kutoka kwenye shimo, la mwenyewe na la jirani.

Bondeni kwenyewe, kando ya mto, hatari nyingine ni kwamba mto husogea. Mito kama Tegeta na Mbezi huchimbwa mchanga wa kujengea, kingo zinabaki bila egemeo, na masika moja inaweza kula mita kadhaa za uwanja. Wapo waliolala wana ukuta wa nyuma wakaamka hawana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na muuzaji atakuonyesha kwamba nyumba iko mbali. Pima mwenyewe, ukijua kwamba mita 60 za leo si za baada ya miaka mitano.

Habari ya hati siirefushi, kwa sababu inaandikwa kila siku. Fanya upekuzi ofisi ya ardhi, na hakikisha mwenzi wa muuzaji ameridhia kwa maandishi. Barabara kubwa pia ina eneo lake: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa zilikuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, iliyohesabiwa mita 121.5 kila upande. Na nenda siku moja ya kazi saa kumi na moja alfajiri usimame kituoni. Mahali pengine utakuta watoto wa chekechea wamesimama gizani wakisinzia, wakisubiri basi la shule, na siku za mvua basi haliingii mtaani kabisa. Mzazi anawabeba mpaka lami.

Bila shaka wapo wanaoyajua yote haya na bado wananunua bondeni, kwa sababu ni karibu na mjini na bei inashuka. Dawa yao ni kifusi. Wanamwaga malori ishirini, wanapandisha kiwanja mita moja, wanajenga juu. Kwao panakauka. Lakini maji hayakwenda popote ila kwa jirani, naye akipata fedha anamwaga malori thelathini. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nayo ikija kutengeneza barabara inaipandisha juu ya wote wawili. Ukitembea kwenye mtaa kama huo unaweza kuzisoma nyumba kwa umri bila kumuuliza mtu. Mpya kabisa ina ngazi sita mlangoni. Ya katikati iko sawa na barabara. Ile ya kwanza kujengwa, ya mzee aliyefika wakati pote ni mikorosho, madirisha yake yamekaribia kugusa udongo wa njia, na kwenye geti lake limeandikwa kwa rangi nyeupe: NYUMBA INAUZWA, DALALI HAPANA.