Kupimwa kizazi ni kupimwa nini?

Jirani yangu mwenye umri wa miaka 45 alinifungulia daftari lake la kliniki, akaniambia kwa utulivu mkubwa: "Mdogo wangu, saratani ya kizazi mwaka huu sina wasiwasi nayo, nimeshapimwa na niko salama." Katika ukurasa ule palikuwa na tarehe, uzito, presha na mstari mmoja uliosema kwamba kizazi kimepapaswa kwa vidole na hakikuonekana kuwa na tatizo. Hapakuwa na neno lolote kuhusu kipimo cha siki wala kuhusu kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Kauli ya namna hiyo nimeisikia mara nyingi mno, saluni, kwenye vikoba na hata vinywani mwa wahudumu wa afya, na ndiyo maana naandika.

Uchunguzi wa kawaida wa viungo vya uzazi ni ule ambao mwanamke asiye na dalili yoyote, wala mimba, hukaguliwa kwa macho, kwa spekulamu (kifaa cha kupanulia uke) au kwa vidole kwa sababu tu muda wa chekapu umefika. Maana yake inaishia hapo. Tabu inaanzia kwenye kitenzi tunachokitumia kuueleza.

Kupima ni kulinganisha kitu na kiasi kinachojulikana. Wauza vitambaa wa zamani walikuwa na pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kutoka ncha ya vidole vya upande mmoja hadi ncha ya vidole vya upande wa pili, sawa na dhiraa nne. Aliyenunua pima mbili za kaniki alijua amebeba nini. Ndiyo maana anayesema "nimepimwa" hujiona amepewa jibu lililo wazi, na wanaomsikia huamini hivyo hivyo. Kuchunguza ni jambo jingine: ni kutazama au kugusa kwa makini, na anachokiona mchunguzaji hutegemea jicho lake, kidole chake na uzoefu wake. Kisha kuna kuchunga, si kuchunga mbuzi bali kuchunga unga, kuupitisha kwenye chungio ili chenga zibaki juu. Mafundi wa ujenzi nao husema kuchekecha wanapoupitisha mchanga kwenye wavu. Kitendo hiki cha tatu ndicho wanachokikusudia wataalamu wa afya ya jamii wanapotaka watu wasio na dalili wapitiwe mmoja mmoja ili wenye ugonjwa uliojificha wapatikane. Chungio lenye matundu makubwa hupitisha chenga pamoja na unga, lenye matundu madogo mno huzuia hata unga mzuri, na kilichobaki juu bado hakijathibitishwa kuwa chenga. Kwa hiyo mwaka 1968, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani, Wilson na Jungner waliweka masharti kumi ya kazi hii, miongoni mwao kwamba kipimo kiwe kinafaa, kiwe kinakubalika kwa watu, na pawepo tiba kwa atakayegundulika.

Vidole havitimizi masharti hayo. Uvimbe mdogo wa ovari mara nyingi haushikiki, na ule unaoshikika mara nyingi si saratani, lakini mwenye nao ataingia kwenye mlolongo wa ultrasaundi, hofu na pengine upasuaji ambao hakuuhitaji. Mwaka 2014 chama cha madaktari cha Marekani kiitwacho American College of Physicians kilishauri uchunguzi huu usifanywe kwa wanawake wazima wasio na dalili na wasio wajawazito. Mwaka 2017 jopo la taifa hilo linalotoa miongozo ya kinga lilisema ushahidi hautoshi kulinganisha faida na madhara yake, kauli iliyo ya tahadhari zaidi, na si haki kuzichanganya hizo mbili.

Kuupima mlango wa kizazi ni habari nyingine kabisa. Kwa njia ya siki, mhudumu huweka spekulamu, hupaka siki hafifu kwa pamba, husubiri dakika moja, kisha hutazama kama pamejitokeza doa jeupe, alama ya chembe zinazoweza kugeuka saratani. Panapofaa, doa hilo hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandishwa au kwa joto. Kwa njia ya HPV, hutafutwa kirusi chenyewe, na tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo hicho kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa wanaoishi na VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti chenye pamba, bila mtu yeyote kumtazama.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Mwanamke aliyewahi kulazwa kitandani bila nguo, pazia likiwa halifiki ukutani na watu wakipita koridoni, hutumia ujasiri mwingi sana siku ile, na tukiutumia ujasiri wake kwa jambo lisilomsaidia hatarudi kwa lile litakalomwokoa. Wanaume nao wanakwepa kliniki kwa kuogopa kidole cha tezi dume, ilhali jopo lilelile la Marekani, mwaka 2018, halikupendekeza kidole kiwe njia ya kuwachekecha wasio na dalili.

Hayo yote hayamhusu mwenye dalili. Anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma kwa sababu ya umri, anayeumwa nyonga au aliyegusa uvimbe, huyo anastahili kuchunguzwa kwa macho na kwa mikono bila kuchelewa, kwa sababu hapo daktari anatafuta chanzo cha jambo ambalo tayari lipo.

Jirani yangu nilimwambia hakukosea kwenda. "Ila dada," nikamwambia, "usiseme umepimwa saratani, sema umepapaswa kizazi, na siku ukirudi, mwulize muuguzi kama wanapima kwa siki au kwa HPV, umwombe akuandikie humu jina la kipimo na majibu yake."