Nailoni Haizuii Nyasi Kwenye Tuta la Maua

Wiki hii nimeitwa tena kufumua nailoni nyeusi iliyotandikwa chini ya kokoto katika tuta la mawaridi, na kama kawaida mwenye bustani alikuwa ameambiwa kwamba akishaitandika hatang'oa nyasi tena. Ilikuwa imekaa miaka mitatu. Ukoka ulikuwa umetanda juu yake, umesokotana chini yake, na umechomoza katika kila tundu lililokatwa kupitisha shina la waridi. Nimechoka kulisikia shauri hili, hasa kwa sababu anayelitoa huwa hayupo siku ya kuifumua.

Kosa linaanzia kwenye dhana ya mahali nyasi zinakotoka. Watu huamini kwamba zinatoka chini, kwa hiyo mtu akiziba chini amemaliza kazi. Lakini tuta likishasafishwa, nyasi za kudumu huingia kutoka ubavuni: ukoka hutambaa juu ya ardhi kwa mashina yanayotoa mizizi penye kila kifundo, na hupenya pia chini ya ardhi kwa mashina meupe yenye ncha ngumu, na hiyo ya pili ndiyo njia kuu ya sangari, nyasi nyingine ya kudumu. Nyasi za msimu huingia kutoka juu, zikiwa mbegu zilizoletwa na upepo, ndege, viatu, au samadi ambayo haijaiva. Nailoni haizibi ubavu wala haizibi juu.

Jambo ambalo wauzaji wa shauri hili hawalitaji ni hili: giza huua mmea uliotengwa na majani yake, si mmea ambao majani yake yako juani mahali pengine. Shina la ukoka likifika kwenye ukingo wa nailoni huingia chini yake, mahali penye unyevu pasipo mshindani, na kwa kuwa bado limeungana na mmea mama ulio nje ya tuta, hulishwa na majani ya huko na kuendelea na safari gizani hadi lipate tundu. Tundu lenyewe liko kwenye shina la ua, kwa hiyo nyasi huchomoza katikati ya mizizi ya waridi, pale hasa ambapo huwezi kuingiza chombo chochote bila kuliumiza. Huko juu nako, majani yanayoanguka na vumbi huoza kati ya kokoto, na baada ya misimu michache hufanyika udongo mwembamba unaotosha kabisa kuotesha mbegu. Ikiwa badala ya nailoni kimetumika kitambaa cha kuzuia magugu, mizizi hupenya nyuzi zake, na ukivuta nyasi unainua kitambaa chote.

Ndago ni habari nyingine. Kwanza si nyasi, na ukipapasa shina lake utasikia kingo tatu; pili, chipukizi lake ni kali kiasi cha kutoboa nailoni kutoka chini. Ukiling'oa, vijiazi hubaki ardhini na kuchipua upya. Wapo wanaoandika kana kwamba ndago humalizika. Mimi nimeona ikipungua sana kwa kung'olewa mfululizo, lakini sijawahi kukabidhi tuta nikaapa kwamba imekwisha.

Kazi yenyewe iko ukingoni. Chimba mfereji wenye kina cha sentimita 15 hivi kati ya uwanja wa nyasi na tuta, ukuta wa upande wa nyasi uwe wima, na upande wa maua uwe mteremko. Shina linalotambaa likifika hapo hutokeza hewani, unaliona, unalikata. Mfereji si ukuta wa kudumu. Ni mahali pa kumwona adui, na usipoukagua kila baada ya wiki mbili au tatu wakati nyasi zinakua kwa kasi, utavukwa. Matofali yaliyolazwa juu ya ardhi hayasaidii, kwa maana shina hupita chini yake au katikati ya viungo.

Ndani ya tuta tumia jembe-uma, si jembe la kawaida, kwa sababu kila kipande chenye kifundo kinaweza kuota, na anayekatakata ukoka anaupanda. Hapa nina shaka na mafundisho ya kulimalima mara kwa mara kwa kina: kila unapogeuza udongo unapandisha mbegu zilizokuwa zimelala mbali na mwanga. Mimi huchimba kwa kina mara moja tu, kabla ya kupanda, kisha baadaye hulegeza juu juu. Mmea ambao mizizi yake imeshikana na ukoka huung'oa wote, nikaosha udongo, nikachambua uzi kwa uzi, kisha nikaurudisha.

Matandazo ya vipande vya mbao au majani, unene wa sentimita 7 hivi na yasiguse mashina ya maua, huzuia mbegu vizuri. Hayauzuii ukoka, ila huufanya ushike kwa ulegevu na kung'oka kirahisi. Maua yaliyopandwa karibu karibu husaidia zaidi, kwa kuwa ukoka hauvumilii kivuli kizito. Dawa zinazoua jamii ya nyasi tu hazigusi ndago, na zile zinazoua kila kitu zitaua na waridi.

Nailoni ina nafasi yake, lakini ni kabla ya kupanda. Ile inayopitisha mwanga, ikitandikwa juu ya udongo uliolowanishwa na kingo zikafukiwa, kwa wiki 4 hadi 6 za jua kali, huua mbegu nyingi za tabaka la juu. Mashina yaliyo chini zaidi husalimika. Baada ya hapo huondolewa.

Aliye nayo tayari chini ya maua aitoe udongo ukiwa na unyevu: asogeze kokoto, aikate vipande vyembamba kuelekea kila shina, na avute taratibu, akifuata mashina meupe hadi yanakoishia. Katika wiki za mwanzo miche ya nyasi itaota kwa wingi kwa sababu mbegu zimepata mwanga. Aiparue juu juu siku ya jua, kabla haijatoa majani manne, na arudie kila kundi jipya linapochomoza.