Adapta na kigeuzi si kitu kimoja

Dukani vyote huitwa adapta. Unaeleza shida yako, muuzaji anapekua droo, anakupa kikebo chenye mdomo wa zamani upande mmoja na mdomo mpya upande wa pili. Nyumbani kinaingia vizuri kabisa, ila projekta imebaki giza.

Adapta hasa hubadili umbo la mdomo, basi. Ndani yake mna nyaya zinazotoka pini hii hadi pini ile. Inatosha pale vifaa viwili vinapoelewana tayari. Chukua diski ya nje ya miaka kumi na tano iliyopita, yenye USB ya mstatili, na laptopu mpya yenye matundu ya USB-C tu: zote mbili ni USB, kwa hiyo kipande cha bei ndogo kinamaliza kazi.

Kigeuzi kina chipu inayotafsiri lugha ya kifaa kimoja kwenda ya kingine. VGA, mdomo wa skrini ulioletwa na IBM mwaka 1987, husafirisha picha kwa analojia: volti inayopanda na kushuka kwenye nyaya za nyekundu, kijani na buluu ndiyo inayosema rangi ing'ae kiasi gani. HDMI, mdomo wa skrini uliotoka 2002, husafirisha tarakimu. Waya mtupu hauwezi kugeuza tarakimu kuwa volti. Waliokuwa Dar es Salaam matangazo ya analojia yalipozimwa tarehe 31 Desemba 2012 wanalijua hili: TV ya zamani haikuokolewa na waya mpya, ilitaka king'amuzi. Kigeuzi cha HDMI kwenda VGA ni king'amuzi kidogo, na kina upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Ukikinunua kwa ajili ya kompyuta ya zamani yenye VGA na skrini mpya yenye HDMI, umenunua kinyume. Na kwa kuwa VGA haibebi sauti, spika utaziunga kwa waya wake.

Kilichotuchanganya wengi, nadhani, ni kile kidude cha kijani kilichokuja na mausi za zamani, cha kuingiza USB kwenye tundu la duara la PS/2. Hakina chipu, lakini kilifanya kazi. Siri ilikuwa kwenye mausi yenyewe: ilitengenezwa ikijua lugha zote mbili. Kichomeke kwenye mausi ya leo inayojua USB peke yake, na mshale hautasogea.

Mizani na printa za risiti zenye tundu la serial la pini 9 nazo zinataka kigeuzi, maana RS-232, yaani lugha ya tundu hilo, na USB hazifanani hata kwa volti. Kebo yake ina chipu na mara nyingi huhitaji draiva, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kukitumia kifaa. Ziko chipu za kughushi ambazo draiva halisi huzikataa, kwa hiyo usishangae kebo mpya ikigoma.

Kesi ngumu kuliko zote ni kamera za kanda ndogo za MiniDV zilizorekodi harusi zetu. Video yake hutoka kwa FireWire, muunganisho wa zamani wenye lugha yake, tofauti na USB. Kebo zenye FireWire huku na USB kule zinauzwa mtandaoni kwa bei ya kuvutia, na hazihamishi video hata sekunde moja. Tafuta kompyuta ya mezani yenye nafasi ya kadi, uweke kadi ya FireWire.