Makala ya meli iliyozama kina kirefu: ni filamu ya namna gani?

Filamu ya makala kuhusu meli iliyozama kina kirefu ni filamu ya mambo ya kweli inayofuata kazi ya kuitafuta, kuifikia na kuichunguza meli iliyolala mahali ambapo mzamiaji wa kawaida hafiki. Hapo pa mzamiaji kutofika ndipo inapotengana na filamu nyingine za chini ya maji. Mzamiaji wa burudani huishia mita 40. Kwa wanasayansi wa bahari, kina kirefu huanza kwenye mita 200, ambako jua limeshafifia kiasi cha kushindwa kulisha mimea, na ukipita mita 1,000 hakuna jua kabisa. Titanic iko kwenye mita 3,800 hivi. Endurance, meli ya mvumbuzi Ernest Shackleton, iko mita 3,008 chini ya Bahari ya Weddell, Antaktika. Manowari ya Marekani USS Johnston iko karibu mita 6,500 katika Bahari ya Ufilipino. Huko hakuna mpigapicha anayeogelea na kamera mkononi. Kinachoshuka ni chombo, na binadamu ama yumo ndani yake amejikunja, ama yuko juu melini anakodolea macho skrini.

Mpigapicha wa makala ya mji au ya simba hukuta mwanga tayari, akachagua pa kusimama. Kule chini hakuna cha kuonekana mpaka mtu apeleke taa. Kila unachokiona kimemulikwa na mtu, kutoka upande aliouchagua yeye, na karibu kila mara ni kipande kidogo cha kitu kikubwa. Ndiyo maana mimi huiona makala ya aina hii kuwa ni filamu ya ushahidi uliokusanywa vipande vipande. Uzuri wake naupima kwa jinsi inavyomwonyesha mtazamaji vipande hivyo viliungwaje.

Giza, taa na vipande

Maji hula mwanga, na hayali rangi zote kwa kasi moja. Nyekundu hupotea kwanza, ndani ya mita chache tu, na buluu ndiyo inayosafiri mbali. Ile kutu ya rangi ya chungwa inayoning'inia kwenye omo, yaani sehemu ya mbele, ya Titanic huonekana hivyo kwa sababu taa iko karibu nayo. Chombo kikirudi nyuma kidogo, kila kitu hugeuka kijanikibichi, kisha buluu, kisha giza. Juu ya hayo, maji ya kina hicho yana chembechembe zinazoanguka siku zote kutoka juu, masalia ya viumbe na uchafu wao, ambazo wanasayansi huziita theluji ya bahari. Ukiiweka taa karibu kabisa na lenzi, chembe hizo hung'aa na kuifunika picha, kama taa za gari zinapopiga ukungu. Kwa hiyo taa hufungwa kwenye mikono iliyotanuka mbali na kamera, zikamulika kwa pembe.

Hata kwa taa bora, macho huishia mita chache. Titanic ilikuwa na urefu wa mita 269, ikakatika ilipokuwa inazama, na sehemu ya omo na sehemu ya tezi, yaani ya nyuma, zimelala zikiwa zimeachana karibu mita 600. Kati ya wote walioshuka kuitazama, hakuna aliyewahi kuiona yote kwa mtazamo mmoja. Basi ile picha maarufu ya meli nzima imekaa kwenye matope, sitaha zake wazi, imetoka wapi?

Ilitoka kwenye kazi ya mwaka 2022 ya kampuni ya Magellan, iliyotangazwa 2023. Roboti zilizoongozwa kutoka melini zilitumia zaidi ya saa 200 zikiizunguka meli hiyo na kupiga picha zaidi ya 700,000 kutoka kila upande. Kisha kompyuta ikatafuta alama zinazojirudia kati ya picha na picha, ikakokotoa kila alama iko wapi, na kujenga umbo lenye pande zote. Mbinu hiyo huitwa fotogrametria, na zao lake huitwa pacha wa kidijitali. Vipimo vyake vinaaminika na wahandisi huvifanyia kazi. Lakini unapoitazama picha hiyo unatazama meli iliyoondolewa maji na giza. Hakuna jicho lililoiona hivyo, wala kamera iliyoinasa hivyo kwa mkupuo. Kuitumia ni halali kabisa. Kuichanganya na picha zilizorekodiwa na roboti bila kumwambia mtazamaji ipi ni ipi, hapo ndipo ninapoanza kununa.

Kuna mambo madogo ambayo ukishayajua utayaona kila mara. Roboti nyingi za uchunguzi hutoa nukta mbili za leza zilizo sambamba, mara nyingi zikiwa zimeachana sentimita 10, zikadondoka juu ya kitu kinachopigwa picha. Bila hizo huwezi kujua kama unatazama kikombe au pipa, kwa sababu hakuna mtu wala mti wa kulinganisha nao. Skrini ya rubani wa roboti nayo imejaa tarakimu: saa, kina, uelekeo. Mwongozaji wa filamu huomba picha safi isiyo na tarakimu, mwanasayansi anazitaka tarakimu zake, hivyo hurekodiwa zote mbili. Mhariri anayejua kazi huziacha tarakimu kwenye baadhi ya vipande, maana ndizo zinazomthibitishia mtazamaji kwamba hiki kilitokea saa fulani, kina fulani. Halafu kuna matope. Pangaboi za roboti zikizunguka karibu na sakafu ya bahari, vumbi huinuka na shughuli husimama mpaka maji yatulie. Filamu hulikata hilo lote, ukabaki na wazo kwamba chombo kilikuwa kinateleza tu bila shida.

Nani yuko chini, nani yuko juu

Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu yetu. Kwenye Titanic ni takriban mara 380, yaani karibu kilo 390 kwenye kila sentimita mraba. Kamera hukaa ndani ya kasha nene la chuma, mara nyingi titani, na lenzi yake huchungulia kupitia kioo kilichotengenezwa mahsusi. Watu wakishuka, hushuka ndani ya nyambizi ndogo, kwa kawaida tufe la chuma lenye nafasi ya watu wawili au watatu. Juni 2023 nyambizi ya Titan, iliyokuwa na mwili wa nyuzi za kaboni, ilipondwa na shinikizo ikielekea Titanic na watu wote 5 waliokuwemo wakafa. Tangu hapo swali la nani ashuke huulizwa kwa ukali zaidi.

Kwa mtengenezaji wa filamu uchaguzi kati ya nyambizi na roboti una tofauti nyingine, isiyosemwa sana. Mawimbi ya redio hayafiki mbali kwenye maji ya chumvi. Roboti iliyofungwa kwa waya wenye uzi wa kioo hupeleka picha juu papo hapo. Mwongozaji huketi chumba cha uongozaji nyuma ya rubani, akisema sogea, ngoja, rudi kule. Nyambizi yenye watu haina waya. Huwasiliana na meli kwa sauti zinazosafiri majini, maneno machache, na picha za ubora wa filamu hubaki ndani mpaka ipande. Mwongozaji aliyebaki juu hana habari ya kilichopatikana hadi jioni. Kwa upande wake, nyambizi humpa kitu ambacho roboti haina: uso wa mtu anayekiona kwa macho yake.

Hadithi huwa ni ya kutafuta

Meli yenyewe haisogei wala haisemi. Kwa hiyo mwendo wa filamu hutoka kwa watu wanaoitafuta, na hapo mtayarishaji huingia gharama bila kujua mwisho wake. Endurance ilitafutwa mwaka 2019 kwa chombo kinachojiendesha chenyewe. Chombo kikapotea chini ya barafu na msafara ukarudi mikono mitupu. Mwaka 2022 msafara mwingine uliondoka Cape Town kwa meli ya Afrika Kusini, S.A. Agulhas II, safari hii ukiwa na vyombo vilivyounganishwa na meli kwa waya mwembamba. Tarehe 5 Machi walikuta meli imekaa wima kwenye matope, maili chache kusini mwa mahali nahodha wake Frank Worsley alipopaandika ilipozama mwaka 1915. Usukani upo. Jina ENDURANCE linasomeka kwenye tezi, na chini yake nyota. Mbao zimesalimika kwa sababu maji ya Antaktika hayana wadudu wanaotoboa mbao. Bila jina lile kamera ingebaki na mbao tu.

USS Johnston ni mfano mkavu zaidi, na mimi naupenda kwa ukavu wake. Ilizama Oktoba 1944 katika mapigano ya Samar, Ufilipino. Mwaka 2019 roboti ya meli ya utafiti Petrel ilikuta vipande vya chuma kwenye mteremko, ikawa imefika kikomo cha kina inachoweza kuhimili. Mabaki yaliendelea kushuka gizani na roboti haikuweza kuyafuata. Hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ile ilikuwa meli gani. Mwaka 2021 nyambizi ya mvumbuzi Mmarekani Victor Vescovo ikashuka zaidi, na taa zake zikaangukia tarakimu 557 zilizopakwa ubavuni. Ni namba ya Johnston. Sekunde chache za picha, na mjadala ukaisha.

Titanic ilipatikana kwa njia ya kuzunguka. Msafara wa pamoja wa Wafaransa na Wamarekani wa mwaka 1985, chini ya Jean-Louis Michel na Robert Ballard, ulianza kwa sonari, yaani sauti inayorushwa chini na kusikilizwa inavyorudi, meli ikienda na kurudi kwa mistari iliyonyooka. Baadaye Ballard alitumia kamera iliyokokotwa kwa waya, akitafuta njia ya vitu vilivyomwagika badala ya meli yenyewe. Somo hilo alilipata akichunguza mabaki ya nyambizi mbili za jeshi la Marekani, kazi iliyofanywa siri kwa miaka mingi. Usiku wa kuamkia Septemba 1, kama saa saba, boila lilitokea kwenye skrini, watu wakalilinganisha na picha ya zamani, wakashangilia. Muda mfupi baadaye mmoja akataja saa: ilikuwa inakaribia saa nane na dakika 20, saa ambayo Titanic ilizama. Shangwe ikakatika na baadhi yao wakatoka nje kwenye tezi kuwakumbuka waliokufa. Mwongozaji anayeelekeza kamera zake kwenye skrini peke yake hulikosa tukio kama hilo, na ndilo litakalobeba filamu.

Kisicho picha ya chini

Sehemu kubwa ya makala hizi haijapigwa baharini. Kuna picha za kale, michoro ya ujenzi wa meli, shajara, mahojiano. Endurance ilibarikiwa kuwa na mpigapicha wake, Frank Hurley. Barafu ilipoiponda meli, alijitosa kwenye maji ya barafu kuziokoa hasi zake za vioo, yaani vioo vya kusafishia picha, kisha yeye na Shackleton wakachagua kama 120 za kubeba na kuzivunja nyingine 400 hivi, asije akashawishika kuzirudia. Kila makala ya Endurance inaishi kwa zile zilizobaki.

Filamu ya mwaka 2024 kuhusu meli hiyo ilikwenda mbali zaidi: sauti za Shackleton na baadhi ya wenzake zikisoma maandishi yao ziliundwa kwa akili unde kutoka rekodi za zamani. Watengenezaji hawakuificha mbinu hiyo, na maneno ni ya wenyewe. Naikubali, kwa masharti hayo mawili. Sauti za kule chini zinanisumbua zaidi, maana hakuna anayezitaja. Ule mlio wa chuma kinacholia taratibu wakati kamera inapita sitahani umewekwa studioni. Roboti kwa kawaida haibebi kipaza sauti cha filamu, na kingebebwa kingerekodi zaidi ngurumo ya mota zake.

Baki la mwisho ni kile kisichoonyeshwa. Mkataba wa UNESCO wa 2001 wa kulinda urithi wa chini ya maji, ulioanza kutumika 2009, unahusu vitu vilivyokaa majini miaka 100 au zaidi. Unataka vibaki vilipo kwanza kabla ya wazo lolote la kuvitoa, na unakataza kuvifanyia biashara. Kwa nchi iliyojiunga nao, kamera ndiyo chombo kinachokaribishwa zaidi, kwa sababu haichukui kitu. Manowari ni kaburi na mali ya dola yake hata kama iko sakafuni mwa bahari ya mbali, na mara nyingi mahali zilipo hasa hapatangazwi kwa kuhofia waporaji. Timu ya Johnston ya mwaka 2021 ilikabidhi takwimu zake za sonari, picha na kumbukumbu za kazi kwa jeshi la majini la Marekani, liamue lenyewe kipi kitoke. Kwa hiyo ramani ya makala ikionyesha doa pana katikati ya bahari badala ya nukta, usimlaumu mchoraji. Pengine ndilo sharti alilopewa mwongozaji kabla ya kupanda melini.